Maonyesho ya Kikundi au Maonyesho ya Pamoja?

Tangazo la Kifaransa likisema exposition collective, yaani maonyesho ya wasanii zaidi ya mmoja, mfasiri wa Butembo, mashariki mwa Kongo, ana njia mbili za mkato. Anaweza kuandika "ekspo" na kuendelea na kazi, maana vijana wanaochora mjini ndivyo wanavyosema. Au anaweza kuandika "maonyesho ya kundi". Zote mbili hazinitoshi.

Neno maonyesho lenyewe ni zuri, tusilitupe. Limetoka kwenye kitenzi ona. Ona kimezaa onya, na onya kimezaa onyesha. Kuonya, kwa asili, ni kumfanya mtu aone. Kwa hiyo onyo na onyesho ni ndugu wa tumbo moja. Onyesho likiwa moja, wengi hufikiria mchezo wa jukwaani. Picha zikitundikwa na sanamu zikipangwa ili watu wapite wakitazama, tunasema maonyesho, kama Watanzania wanavyosema maonyesho ya biashara ya Sabasaba. Hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi uko kwenye neno la pili. Kundi ni Kiswahili safi: kundi la mbuzi, kundi la ndege. Lakini kwetu Beni na Lubero miaka ya vita imelifunga neno hilo na silaha. Redio ikitaja makundi, mama aliye shambani Masereka huacha jembe asikilize ni kijiji gani. Huwezi kumwalika mama huyo kutazama picha kwa neno lilelile linalomfanya afungashe mizigo. Kikundi, chenye ki- yake ya udogo, kimenusurika zaidi: tuna kikundi cha akina mama, kikundi cha wanakwaya. Hilo ndilo la kushika, ila si kila mahali, kwa sababu exposition collective inabeba mambo mawili ambayo Kiswahili kinaweza kuyatenganisha.

Tazama lori linalotoka Masereka kwenda Butembo siku ya soko. Juu yake kuna magunia ya viazi na kabichi ya watu kumi au ishirini, na kila gunia lina alama ya mwenyewe. Wenye mizigo huenda hawajawahi kukaa meza moja. Aliyewakutanisha ni mwenye lori. Sasa tazama chama cha ushirika cha kahawa. Wakulima walikubaliana kwanza, wakaweka masharti, wakachagua viongozi. Kahawa yao inaoshwa mahali pamoja, inachanganywa, na gunia linabeba jina la chama. Ushirika huo ni kikundi. Lori ni pamoja tu. Maonyesho ya sanaa nayo yako hivyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Japani. Mwaka 1954, katika mji wa Ashiya, mchoraji Jiro Yoshihara na vijana waliomzunguka walianzisha kikundi kilichoitwa Gutai. Sharti la mzee lilikuwa gumu na fupi: msiige, fanyeni kisichowahi kufanywa. Kazuo Shiraga akajitupa kwenye tope akapambana nalo kwa mwili wake wote, tope likabaki na alama za mapambano. Atsuko Tanaka akavaa gauni lililoshonwa kwa taa za umeme zinazowaka na kuzima. Walikuwa na jarida lao, walikuwa na mwalimu wao, walikuwa na mabishano yao ya ndani. Walipopeleka kazi New York mwaka 1958, kwenye nyumba ya sanaa ya Martha Jackson, waliingia kwa jina moja. Wahakiki wa huko waliwapokea kwa ubaridi, wakidhani wanawaiga wachoraji wa Marekani, na lawama ile ikawaangukia wote kama jina lilivyowabeba wote. Hayo ni maonyesho ya kikundi. Mnande wa huku kwetu atayaelewa upesi akikumbuka kyaghanda, mahali pa kuzunguka moto jioni na kuzungumza mambo ya kijiji: waliokaa pale walikuwa watu wa moto mmoja kabla mgeni hajafika.

Yoshihara alifariki mwaka 1972 na Gutai ikavunjika mwaka uleule. Mwaka 2013 jumba la Guggenheim, New York hiyohiyo, lilifanya maonyesho makubwa ya kazi zao. Kikundi hakikuwapo tena, lakini kiliwahi kuwapo, na jina lake ndilo lililozikusanya kazi. Mimi bado ningeandika "maonyesho ya kikundi cha Gutai".

Maonyesho ya mwaka 2005, New York tena, yalikuwa ya namna nyingine. Takashi Murakami alikusanya kwenye jumba la Japan Society kazi za Wajapani wengi: Yoshitomo Nara, Chiho Aoshima, Aya Takano, pamoja na katuni na vinyago ambavyo watengenezaji wake hawakuvikusudia kwa makumbusho. Wasanii hao hawakuwa wote wa chama kimoja. Hoja iliyowaunganisha ilikuwa ya Murakami: kwamba utamu wa katuni za Kijapani na majitu yake ya kutisha yana mzizi katika vita iliyoishia kwa moto wa atomu. Akayapa maonyesho jina Little Boy, jina la siri la bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945.

Msomaji wa Kongo hawezi kulipita jina hilo haraka. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa bomu lile ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na mikono ya Wakongo, chini ya kampuni ya Wabelgiji. Watazamaji waliosimama mbele ya picha zile walikuwa wakitazama matokeo ya udongo wetu, huenda bila kulijua jina letu. Nasema hivyo bila kumlaumu Murakami. Alikuwa anasimulia msiba wa kwao. Ila ni hapo nilipoelewa kwa nini onyesho na onyo ni ndugu.

Hayo tuyaite nini? Maonyesho ya pamoja. Pamoja halidai kwamba watu walikuwa na umoja kabla ya kukutanishwa. Linasema tu kwamba wako mahali pamoja, kwa wakati mmoja.

Njia hiyo ya pamoja imepitiwa pia kutoka upande wetu kwenda Japani. Maonyesho ya Africa Remix, ambayo kazi zake ziliteuliwa na Simon Njami, yalianza Düsseldorf mwaka 2004, yakapita London na Paris, yakafika Tokyo kwenye jumba la Mori mwaka 2006. Wajapani wakakuta humo Chéri Samba wa Kinshasa na miji ya karatasi ya Bodys Isek Kingelez, pembeni mwa kazi za Wamisri na Waafrika Kusini. Mwaka 2015 Paris nayo ilifungua maonyesho ya Beauté Congo kwenye taasisi ya Cartier, kazi za Wakongo tangu mwaka 1926, kuanzia Albert na Antoinette Lubaki. Hata ndani yake kulikuwa na kikundi cha kweli: wachoraji wa karakana ya Hangar ya Lubumbashi, akina Pilipili Mulongoy, waliofanya kazi chini ya paa moja tangu miaka ya 1940. Kikundi kinaweza kukaa ndani ya maonyesho ya pamoja, kama vile magunia ya ushirika yanavyoweza kupanda lori la watu wote.

Wajapani wenyewe walikutana na tatizo hili la kutafsiri. Kwa maonyesho ya msanii mmoja wana neno fupi, koten. Kwa ya wengi wanasema gurupu-ten: wamekopa neno la kigeni, wakalishonea kiishio chao cha maonyesho. Sioni aibu katika mkopo. Lakini sisi hatuna haja ya kukopa ambapo lugha yetu tayari ina maneno mawili na inajua tofauti yake.

Limebaki jina la mtu anayekusanya. Kifaransa humwita commissaire, na Butembo neno hilo linaleta picha ya ofisi ya polisi. Mratibu ni mtu wa ratiba na viti. Mimi nachagua mteuzi, kwa sababu kazi yake hasa ni kuteua: hii iingie, ile ibaki, hii ikae karibu na ile. Katika maonyesho ya kikundi anaweza asiwepo, wanakikundi wakaamua wenyewe. Katika maonyesho ya pamoja hakosekani, na mtazamaji ana haki ya kumjua, maana hoja ni yake.

Kwa hiyo wewe unayeandika tangazo la Kiswahili Butembo, Beni au Masereka, uliza kwanza swali moja: watu hawa walikuwa na jina moja kabla ya kualikwa? Kama ndiyo, andika "maonyesho ya kikundi", kisha jina la kikundi. Kama sivyo, andika "maonyesho ya pamoja", kisha majina ya wasanii wote bila kumwacha hata mmoja, na chini yake jina la mteuzi.