Juu, Juu, Chini, Chini

Kaseti ya kwanza ya gemu niliyoifungua nusura inigombanishe na mwenyewe. Nilikuwa bado najifunza ufundi pale Masasi, nimezoea redio na deki za video, kijana mmoja akaniletea kaseti ya njano iliyogoma. Juu yake pameandikwa kwamba ina michezo 9999999. Nikalegeza skrubu nikitegemea kukuta msitu wa vipuri. Ndani hewa tupu: kibao kimoja chembamba, na katikati yake tone la gundi nyeusi, limekauka kama kinyesi cha mbuzi.

"Fundi, vitu vyangu umeviweka wapi?"

Nikaapa kwa Mungu. Hakuniamini mpaka niliposugua zile pini kwa kifutio cha penseli, nikachomeka, Mario akatokea.

Chini ya tone lile kuna chipu isiyo na jina, imebandikwa moja kwa moja kwenye kibao ili kupunguza gharama. Ukiliona, mara nyingi unashika nakala. Mashine ya asili ni Famicom ya Nintendo, iliyoanza kuuzwa Japani tarehe 15 Julai 1983. Sisi wa Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, kwa hiyo gemu na TV zilitupandia huku juu Newala karibu pamoja, tena TV nyingi za hapa zilijua deki na gemu kabla ya kujua taarifa ya habari, maana bila dishi ulikuwa unatazama chengachenga. Gemu zilizopita mezani kwangu zilitokea Kariakoo, na zaidi ya hapo China na Taiwan: Terminator, Micro Genius, PolyStation. Hii ya mwisho ilikuwa tapeli wa waziwazi. Umbo la PlayStation kabisa, lakini ukifunua mfuniko wa CD unakuta tundu la kaseti. Yenye jina la Nintendo sijaiona hata moja.

Zilikuja na fedha za korosho. Baba akishalipwa, kuanzia Oktoba hadi Desemba, nyumbani kunaingia bati, baiskeli, redio, na kwa wachache, gemu. Mimi nilikulia Newala, ambako maji yalinunuliwa kwa ndoo, na njia ya kwenda kwenye maji ilipita mbele ya chumba cha gemu chenye jenereta. Sitasema ni mara ngapi nilirudi na ndoo tupu nikidai foleni ilikuwa ndefu. Mama alijua. Kidole gumba changu kilikuwa na lengelenge, na ndoo haibebwi kwa kidole gumba.

Zile 9999999 tulizihesabu usiku mmoja. Zilikuwa nane. Zilizobaki ni zilezile zilizobadilishwa jina: Mario anayeanza hatua ya kwanza, Mario anayeanza ya tatu, na kadhalika hadi uchoke kushuka kwenye orodha. Siwalaumu sana waliotengeneza. Super Mario Bros. ya 1985 nzima, na muziki wake na majumba yake, ni kilobaiti 40, pungufu ya picha moja ya harusi unayotumiwa kwenye simu. Ili kubana nafasi, wachoraji walichora wingu moja, wakalipaka kijani na kulishusha chini likawa kichaka. Nilicheza miaka mingi bila kuliona hilo. Siku nilipoambiwa nikaenda kutazama, na tangu siku hiyo sioni tena kichaka.

Gemu ya Contra ndiyo iliyomtia hasara mwenye chumba. Yeye alitoza kwa kufa: ukimaliza maisha yako matatu, toka. Kisha akaja mvulana mmoja wa likizo kutoka Mtwara na maneno ambayo tuliyashika kama wali wanavyoshika nyimbo za jandoni: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Unabonyeza hivyo kabla mchezo haujaanza, unapewa maisha 30. Wiki ile hakuna aliyetoka. Mwenye chumba akaenda kununua saa ya ukutani, akaanza kutoza kwa dakika.

Baadaye sana nilikuja kujua kwamba maneno yale yalitungwa na Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami. Alikuwa anaihamishia Gradius kwenye Famicom, ikatoka 1986, na kazi yake ilimdai aijaribu mpaka mwisho, nayo ilimshinda kwa ugumu. Akajiwekea njia ya mkato, kisha ikabaki humo mchezo ulipokwenda sokoni. Alifariki 2020. Sidhani kama aliwahi kusikia jina la Newala.

Kinacholetwa zaidi kwangu siku hizi ni bastola ya gemu ya kuwinda bata. Mteja anaapa ni mbovu, nami naifungua nakuta nzima. Ukivuta kifyatulio, kioo kizima kinakuwa cheusi kufumba na kufumbua, halafu pale alipo bata panawaka mraba mweupe. Bastola haitoi kitu. Ni jicho linalotafuta mwanga ule kwa wakati wake. Ndiyo maana ujanja wetu wa kuielekeza kwenye balbu haukufua dafu: katika ile sekunde ya giza balbu bado inawaka, na mashine inajua unaiba. TV bapa nazo huchelewa kuonyesha picha, jicho linapotazama linakuta mraba bado. Mbovu ni TV mpya, na hilo mteja hataki kulisikia.

Kwa ajili hiyo nimeweka TV moja ya chogo nyuma ya karakana. Vijana wakija nawapa bastola, wanapiga, wanakosa, wanapiga tena. Kuna jambo moja sijawaambia: katika mchezo wa bata mmoja, mwenye pedi anaweza kumwongoza bata arukie anakotaka. Pedi naishika chini ya meza.