Povu Lililopanda Darini: Florida na Vita vya Unyevu

Mwaka 1983, kando ya barabara ya watalii mjini Kissimmee katika jimbo la Florida, ilifunguliwa nyumba iliyofanana na mayai meupe yaliyopangwa ovyo. Jina lake lilikuwa Xanadu. Mbunifu wake, Roy Mason, hakuijenga kwa tofali wala kwa mbao. Maputo makubwa yalijazwa hewa, kisha upande wa ndani ukapulizwa povu la poliurethani hadi unene wa sentimita 13 hivi. Povu lilipokauka, maputo yakaondolewa na kuta zikabaki zimesimama zenyewe. Watu walikata tiketi kuja kuona nyumba ya kesho, yenye kompyuta za kusimamia jikoni na taa, na siku za msimu walifika hadi 1,000 kwa siku. Disney World ilikuwa jirani.

Mwaka 1996 Xanadu ilifungwa. Ikaachwa tupu, kuvu ikatanda kutani, na Oktoba 2005 ikavunjwa. Dada zake wawili, mmoja wa Wisconsin aliyetangulia mwaka 1979 na mwingine wa Gatlinburg, Tennessee, nao hawapo tena.

Povu lenyewe haliozi. Ila nyumba iliyozibwa kila upande, isiyo na kiyoyozi kinachofanya kazi, katika hewa ya Florida ya mwezi Agosti, inageuka chungu chenye mfuniko. Joto la jimbo lile lilipata dawa mapema. Unyevu ndio uliowahangaisha mafundi na wahandisi kizazi baada ya kizazi, na mkasa wa povu haueleweki bila kuufuata huo unyevu ulikokuwa unapita.

Asili ya povu hili ni Ujerumani. Mwaka 1937 Otto Bayer, mkemia wa IG Farben mjini Leverkusen (jina lake ni lile lile la kampuni ya dawa, lakini hakuwa wa ukoo ule), alikuwa akitafuta plastiki ya kushindana na nailoni ya Wamarekani. Akapata njia ya kuunganisha kemikali za jamii ya isosianati na aina fulani za alkoholi. Tatizo ni kwamba maji kidogo yakiingia kwenye mchanganyiko, isosianati inatoa gesi ya kaboni dayoksaidi na kitu kizima kinajaa viputo. Inasimuliwa hadi leo kwamba wakaguzi wa kampuni waliandika kuwa sampuli zake zilifaa, labda, kuigizia jibini la Uswisi. Viputo walivyovicheka ndivyo vilivyokuja kuuzwa.

Msomaji wa Tanga au Mombasa huenda ameilalia kemia hiyo jana usiku, kwa maana godoro la sponji ni poliurethani laini. Akifungua friji yake, kati ya bati la nje na plastiki ya ndani pamejaa poliurethani ngumu. Povu la nyumba linapatikana kwa aina hizo hizo mbili. Moja ni jepesi, la viputo vilivyo wazi, lenye uzito wa kilo 8 hivi kwa mita ya ujazo, na linapitisha mvuke. La pili lina viputo vilivyofungwa, uzito wake ni karibu kilo 32, linashika mbao kama gundi na mvuke unapita kwa shida sana. Tofauti hiyo tutairudia.

Sasa twende Florida kabla ya povu. Katika bandari ya Apalachicola, kwenye Ghuba ya Mexico, daktari John Gorrie alikuwa akining'iniza mabeseni ya barafu karibu na dari ili kuwapoza wagonjwa wa homa. Barafu ililetwa kwa meli kutoka kaskazini, kwa hiyo akabuni mashine ya kuitengeneza na kupewa hataza mwaka 1851. Alikufa mwaka 1855 bila kuona mashine hiyo ikipata soko. Leo sanamu yake imesimama katika jengo la Bunge mjini Washington, moja kati ya mbili za Florida. Sijui daktari gani mwingine aliyepewa heshima ya namna hiyo kwa ajili ya barafu.

Kiyoyozi cha kisasa kilikuja mwaka 1902, na hakikutengenezwa kwa ajili ya joto. Kiwanda kimoja cha uchapaji huko Brooklyn kilikuwa kikipata hasara kwa sababu karatasi ilivimba siku za unyevu na rangi zikachapwa nje ya mistari. Kijana Willis Carrier akaitwa aikaushe hewa. Kupoa kulikuja pamoja na kukausha.

Nyumba za zamani za Florida zilijengwa kwa mantiki ya mtu wa pwani: zimeinuliwa juu ya nguzo, dari ndefu, baraza pana, madirisha yanayotazamana ili upepo upite. Mjenzi wa Lamu au Unguja, na kuta zake nene za mawe ya matumbawe na kiwanja cha ndani, angezielewa bila mkalimani. Nyumba ya namna hiyo inakubali unyevu na inaukaribisha utoke. Viyoyozi vilipoingia majumbani baada ya Vita Kuu ya Pili, madirisha yakafungwa, baraza zikapungua, dari zikashushwa. Mwaka 1950 Florida ilikuwa na watu wasiofika milioni 2.8. Sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya milioni 21.5. Hawakuifuata bahari peke yake.

Hapa ndipo kosa lilipoanzia, na lilitoka kwenye majimbo ya baridi. Miaka ya 1930 mhandisi Frank Rowley wa Chuo Kikuu cha Minnesota alichunguza kwa nini mbao za paa zililowa wakati wa theluji. Jibu lilikuwa kwamba mvuke wa jikoni na wa pumzi za watu ulipanda, ukakuta mbao baridi na kugeuka maji. Kutokana na kazi ya aina hiyo zikaja kanuni: weka kizuizi cha mvuke upande wa ndani wa ukuta, na toboa matundu ya kupitisha hewa darini. Mwaka 1942 idara ya serikali iliyodhamini mikopo ya nyumba ikaandika kipimo ambacho bado kinatajwa na mafundi: futi 1 ya mraba ya tundu kwa kila futi 300 za mraba za dari. Kipimo hicho kikashuka nacho hadi Miami.

Chukua chupa ya maji iliyotoka kwenye friji, iweke mezani Dar es Salaam saa nane mchana. Jasho linatokea upande wa nje, kwa sababu hewa yenye maji iko nje. Nyumba ya Florida yenye kiyoyozi ni chupa hiyo. Mvuke unatoka barabarani na baharini ukielekea ndani, kinyume kabisa na Minnesota, na ukikutana na kizuizi upande wa ndani unanaswa pale pale, kwenye ubao baridi. Hoteli nyingi za Ghuba ya Mexico zilipamba vyumba kwa karatasi za ukutani za vinili, ambazo hazipitishi mvuke, na mtu akizibandua alikuta kuvu ya waridi na nyeusi nyuma yake. Majengo mapya ya mahakama ya Stuart na ya Bartow, humo humo Florida, yalipata kuvu kiasi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 watumishi walihamishwa.

Povu lingeweza kusaidia mapema zaidi, lakini lilikuwa limechafuliwa jina. Bei ya mafuta ilipopaa baada ya 1973, kila mtu alitaka kuziba nyumba. Kanada ikatoa ruzuku, na wakandarasi wakajaza kuta kwa povu la yurea na fomaldihaidi, ndugu wa jina tu wa poliurethani. Povu hilo lilisinyaa, likatoa harufu ya kuchoma macho, na Kanada ikalipiga marufuku mwaka 1980. Marekani ikafuata mwaka 1982, ila mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaifuta marufuku hiyo, ikisema ushahidi wa tume iliyoipitisha haukutosha. Wenye nyumba hawakusoma hukumu. Kwao povu lilikuwa povu.

Kilichogeuza mambo ni darini. Nyumba ya kawaida ya Florida haina ghorofa ya chini ya ardhi, kwa hiyo mabomba ya hewa ya kiyoyozi hupitishwa juu ya dari, mahali ambapo mchana wa kiangazi joto hupita nyuzi 50. Hewa iliyopozwa kwa gharama inasafirishwa ndani ya tanuri, na pale mabomba yanapovuja, nyumba inavuta hewa mbichi ya nje kupitia matundu yale ya 1942. Kimbunga Andrew kilipoubomoa mji wa Homestead mwezi Agosti 1992, upepo ulionyesha ubaya mwingine wa matundu: mvua iliingia kwayo na dari za jipsamu zikaanguka juu ya vitanda. Katikati ya miaka ile ya 1990 wahandisi Joseph Lstiburek na Armin Rudd wakajaribu jambo lililowashtua wengi: ziba matundu yote, weka kihami joto, mfano povu, chini ya paa lenyewe badala ya juu ya dari, na uifanye nafasi ya juu iwe sehemu ya nyumba. Toleo la mwaka 2006 la kanuni za ujenzi wa nyumba zinazofuatwa na majimbo mengi lilikuwa limeshawakubalia.

Upepo nao ukalipa povu sifa. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Florida yalionyesha kwamba povu zito likipulizwa chini ya plaiwudi, nguvu inayohitajika kuling'oa paa inaongezeka zaidi ya mara mbili. Kule New Orleans, kimbunga Katrina kilichana paa la uwanja wa Superdome mwaka 2005 huku maelfu ya watu wakiwa wamejihifadhi ndani. Paa jipya la karibu ekari 10 lilipulizwa poliurethani na kupakwa rangi ya kinga, na Septemba 2006 mpira wa Kimarekani ukachezwa tena.

Kazi yenyewe inatisha kidogo kuitazama. Lori linaegeshwa nje likiwa na mapipa mawili, moja la isosianati na jingine la resini. Mipira yenye joto inayapeleka hadi kwenye bunduki, ambako vimiminika hivyo vinakutana kwa mara ya kwanza. Fundi amevaa suti nyeupe nzima na barakoa inayoletewa hewa kutoka nje, kwa sababu isosianati ikimpata mtu mapafuni inaweza kumwachia pumu ya maisha. Anapuliza utando mwembamba kati ya kenchi. Sekunde chache unavimba, povu jepesi likiongezeka hadi karibu mara 100, kisha fundi anakata kilichojitokeza kwa msumeno mrefu. Akiwa na haraka na kupuliza nene mno kwa mkupuo mmoja, joto la kemia linaunguza povu kutoka ndani na limewahi kuwasha moto. Vipimo vya mapipa vikipishana, nyumba inanuka samaki kwa miezi. Wenye nyumba huambiwa wasirudi kwa saa 24 hivi.

Povu zito linahitaji pia gesi ya kulivimbisha. Mwanzoni ilikuwa CFC, iliyokuwa ikila tabaka la ozoni mpaka Mkataba wa Montreal wa 1987 ulipoibana. Ikaja HCFC, ambayo Marekani iliacha kuitengeneza kwa ajili ya povu mwaka 2003, kisha HFC, ambayo haigusi ozoni lakini inapasha dunia joto mara mamia kuliko kaboni dayoksaidi. Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali na kukubaliana kuipunguza HFC duniani kote. Yaani makubaliano ya Rwanda ndiyo yanayoamua leo gesi gani iingie kwenye paa la Tampa, Florida.

Na unyevu? Haukuondoka. Povu jepesi, lililopendwa kwa bei yake, linapitisha mvuke. Usiku mbao za paa zinapoa na kunyonya unyevu uliomo darini. Jua likichomoza mbao zinapata moto na kuutapika unyevu ule kupitia povu, na kwa kuwa hewa yenye mvuke ni nyepesi, unapanda na kujikusanya kileleni, siku baada ya siku, mpaka plaiwudi ya juu kabisa inalainika. Lstiburek mwenyewe ameandika sana kuhusu mchezo huu wa mvuke kurushwa huku na huku. Kanuni za 2018 zikaleta marekebisho: kwenye kilele cha baadhi ya mapaa yaliyozibwa, katika maeneo ya joto, fundi aache upenyo uliofunikwa kwa utando unaopitisha mvuke na kuzuia hewa na mvua. Pamoja na upenyo huo, hewa kidogo ya kiyoyozi ipelekwe darini. Wengine huweka huko juu mashine ya kukausha hewa, inayokula umeme mwaka mzima, gharama ambayo wauzaji wa povu wa miaka ya mwanzo hawakuwa wakiitaja mezani.