Moto wa Ufipa: Kutoka Tanuri la Chuma Hadi Umeme wa Jua

(Maandishi ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Yasomwe kwa sauti darasani, kisha maswali ya mwisho yazungumzwe na wote.)

Ninyi mlio Kaoze, ninyi mlio Sumbawanga mjini, na ninyi nyote wa vijiji vya Ufipa, karibuni katika somo letu la historia. Leo hatutazungumza habari za watemi wala za vita. Tutazungumza habari za moto. Tafadhali msicheke. Moto nao una historia yake, na asiyeijua historia hiyo hupata tabu kupanga mambo ya nyumba yake.

Watu wengi hudhani kwamba mambo ya nishati yalianza siku nguzo ya umeme iliposimamishwa kijijini. Sivyo. Nishati ni nguvu ya kufanya kazi. Kuni zina nishati. Maksai avutaye plau ana nishati. Maji yaangukayo yana nishati, na jua pia. Basi kila tutakapofika leo, tujiulize maswali matatu. Moto huu ulitoka wapi? Nani alipanga utumike wapi? Nani alilipa gharama yake?

TANURI LA WAZEE

Tuanze nyumbani. Kabla ya wakoloni, Wafipa walijulikana mbali kwa kazi ya chuma. Walijenga tanuri refu la udongo, waliloliita ilungu. Yakiwa mengi huitwa malungu. Tanuri hilo lilipita kimo cha mtu, na mengine yalifika kiasi cha mita 3. Mabaki yake yaonekana mpaka leo mahali pengi Ufipa. Kama darasa lenu liko karibu na mojawapo, nendeni mkalitazame, lakini msilibomoe.

Ndani ya tanuri walipanga makaa na mawe yenye chuma. Chini, kuzunguka pande zote, waliacha matundu yenye mirija ya udongo. Moto ulipowaka, hewa iliingia yenyewe kwa chini na kupanda juu, kama ipandavyo katika dohani. Mahali pengine katika Afrika watu walivukuta mivuo usiku na mchana. Mfipa alilijenga tanuri refu ili hewa ifanye kazi hiyo badala yake. Baadaye chuma kilisafishwa katika tanuri dogo, na hapo mivuo ilitumika. Kisha mhunzi alifua jembe.

Huo ulikuwa ufundi mkubwa. Lakini tuulize swali la tatu: nani alilipa? Tanuri lijiendeshalo kwa hewa huokoa mikono ya watu, lakini hula makaa mengi. Na makaa ni miti. Katika tanuru la kawaida la udongo, kilo 10 za kuni kavu hutoa kilo 1 au 2 tu za makaa. Basi wazee waliokoa jasho, wakalipa kwa miti. Kila moto una gharama yake, hata moto wa fundi hodari.

Wazee hao hao walijua pia kuweka akiba. Uwanda wa Ufipa una majani mengi na miti michache. Katika sehemu nyingine za kusini-magharibi wakulima walikata matawi, wakayachoma, wakapanda mbegu katika majivu. Wafipa walifukia majani chini ya matuta ya duara, yaitwayo intumba, yakaoza na kuwa mbolea. Shamba likapata rutuba bila kuchoma mti. Tulikumbuke jambo hili, kwa maana tutalirudia.

Majembe ya kiwandani yalipoanza kuletwa kutoka ng'ambo, kazi ya malungu ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Tangu hapo nguvu nyingi tuliyotumia ilitoka mbali, na mipango yake ilifanywa mbali.

UMEME WA KWANZA

Sasa tuiache Ufipa kidogo, twende pwani. Mwaka 1908, wakati wa Wajerumani, umeme wa kwanza wa Tanganyika uliwashwa Dar es Salaam. Ulipelekwa kwenye karakana za reli na sehemu ya mji walimokaa Wazungu. Mwaka 1931 serikali ya Waingereza iliiacha kazi hiyo mikononi mwa kampuni mbili. Kampuni hizo ziliitwa DARESCO na TANESCO. Katika miaka ya 1930 TANESCO ilijenga mtambo wa maji katika mto Pangani, na mashamba ya mkonge ya Tanga yakapata umeme.

Je, nani alipanga? Kampuni na serikali ya mkoloni. Umeme ulikwenda wapi? Palipokuwa na reli, mkonge na nyumba za wakubwa. Mkulima wa ulezi wa Ufipa hakuulizwa lolote. Hili si jambo la kushangaza: nguvu huelekea kwa yule aliyekaa penye mpango.

Baada ya Uhuru serikali ilinunua hisa, na shirika likawa mali ya umma. Mabwawa yakajengwa: Hale mwaka 1964, Kidatu mwaka 1975, Mtera mwaka 1988. Hata hivyo nyaya zilichukua miaka mingi kuufikia upande wetu. Sumbawanga iliwashiwa taa kwa mashine za dizeli, na baadaye kwa umeme ulionunuliwa Zambia na kuletwa kwa njia ya Mbala.

Lakini kuna jambo dogo la hapa kwetu ambalo vitabu vingi hulipita. Mwaka 1967, huko Kaengesa, misheni ilipata mtambo mdogo wa maji wa kilowati 44. Tufanye hesabu. Kilowati 1 ni wati 1,000, basi kilowati 44 ni wati 44,000. Taa ya zamani ya waya mwekundu hula wati 60. Gawanya, utaona kwamba nguvu hiyo hutosha taa 733. Sasa chukua taa za kisasa za LED, ambazo kwa wati 9 tu hutoa mwanga kama ule. Gawanya tena. Nguvu ile ile hutosha taa zaidi ya 4,800. Hakuna mtambo mpya, wala tone la maji lililoongezwa. Kilichobadilika ni taa tu.

Hesabu hiyo ndiyo moyo wa somo la leo. Nchi yaweza kupata umeme kwa njia mbili: kuzalisha zaidi, na kupoteza kidogo. Njia ya kwanza hupangwa na serikali. Njia ya pili huanzia katika nyumba yako.

MIPANGO YA SIKU HIZI

Mwaka 2005 Bunge lilipitisha Sheria ya Nishati Vijijini, na Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ukaanza kazi mwaka 2007. Tangu hapo nguzo zimefika vijiji vingi sana. Lakini kijiji kufikiwa na umeme si sawa na kila nyumba kuwa na umeme.

Nchi pia ilijifunza kwa uchungu. Katika mwaka 2006 na tena mwaka 2011 mvua zilipungua, mabwawa yakakauka, na mgawo wa umeme ukafunga viwanda na mashine za kusaga. Serikali ikajenga bwawa kubwa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Jumla ni megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Nguvu hiyo ni sawa na mitambo ya Kaengesa kama 48,000.

Lakini hata bwawa kubwa hutegemea mvua. Kwa sababu hiyo serikali iligeukia pia jua. Mwaka 2023 mkataba ulitiwa sahihi wa kujenga shamba la umeme wa jua, au sola kama wengi tuitavyo, katika wilaya ya Kishapu, mkoa wa Shinyanga. Mpango ni wa megawati 150, na awamu ya kwanza ni megawati 50.

Shamba la sola hupangwaje? Kwanza hutafutwa ardhi tambarare yenye jua jingi. Pili, iwe karibu na njia kubwa ya umeme, maana umeme usiosafirishwa haumfikii mtu. Tatu, hufikiriwa usiku. Jua huzama saa ile ile mama awashapo jiko. Kwa hiyo sola na bwawa husaidiana: mchana jua lifanye kazi na maji yatunzwe, usiku maji yafunguliwe. Nne, na hili ni letu, huulizwa ardhi ni ya nani. Shamba la sola hutaka hekta nyingi, na hekta hizo zaweza kuwa malisho au mashamba ya watu.

Ndugu zangu, zamani mkulima hakuulizwa. Siku hizi iko Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sheria hiyo yataka wanakijiji wapewe taarifa na wasikilizwe katika mkutano mkuu wa kijiji kabla ardhi yao haijahamishwa, na fidia ikubaliwe kwanza. Siku watakapokuja wapimaji, iwe ni kwa ajili ya nguzo au kwa ajili ya sola, usikae nyumbani ukasema wakubwa watajua. Nenda mkutanoni. Uliza umeme utakwenda wapi, na kijiji kitapata nini. Soma karatasi kabla ya kuweka sahihi. Ndiyo maana tunajifunza kusoma.

JIKO LAKO

Tumalizie jikoni, maana huko ndiko moto mwingi wa nchi yetu uwakako. Wazee darasani wataikumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1980 iliyoitwa Misitu ni Mali. Watu walikaa katika vikundi kama ninyi, wakasikiliza, wakapanda miti. Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Shabaha ni nzuri. Lakini msitu wa Mbizi na miti ya Lyamba lya Mfipa haiwezi kungoja mpaka 2034.

Mafiga matatu hupoteza sehemu kubwa sana ya joto, upepo hulichukua. Jiko banifu la udongo hulizuia joto chini ya chungu na kupunguza kuni. Loweka maharage tangu jioni, yataiva upesi. Funika sufuria. Tumia kuni kavu, maana kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yake zenyewe, na moshi wake huwaumiza mama na watoto kifuani. Mwenye umeme abadilishe taa za zamani. Akiweza kununua sufuria ya umeme ya presha, kilo moja ya maharage itaiva kwa chini ya uniti moja.

Labda utasema, jiko langu moja litaokoa nini? Wazee wetu wangekujibu kwa tuta la intumba. Tuta moja halilishi kijiji. Lakini kila nyumba ilipofukia majani yake badala ya kuchoma miti, uwanda mzima ulipata chakula kwa miaka mingi. Hakuna aliyengoja jirani aanze.

Basi moto una gharama siku zote. Mpango mkubwa ukija, tuwepo penye mpango. Na kabla haujaja, tusimwage tulicho nacho.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini tanuri la ilungu liliokoa nguvu za watu lakini likala makaa mengi?
2. Mwaka 1908 na miaka ya 1930, umeme wa Tanganyika ulimfaa nani? Kwa nini?
3. Taa ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku kwa siku 30, hutumia uniti 9. Je, taa ya wati 9 hutumia uniti ngapi? Fanyeni hesabu ubaoni.
4. Kama watu wangekuja kijijini kwenu kutafuta ardhi ya shamba la sola, ninyi mngeuliza maswali gani? Andikeni matatu.
5. Kila mmoja apime kuni za siku moja nyumbani kwake, alete hesabu juma lijalo.