MTUMBA WA MAUSER: Bunduki za kizamani na askari wasiotajwa wa vita ya Tanga, 1914

Tanga wana msemo wao maarufu: waja leo waondoka leo. Novemba 1914 msemo huo uliwakuta Waingereza.

Stori iko hivi. Tarehe 2 manowari ya Uingereza ilifika Tanga ikataka mji usalimishwe. Usiku huohuo wanajeshi wakaanza kushushwa Ras Kasone. Jumla yao walikuwa kama 8,000, wengi wakitokea India, na mikononi walikuwa na vitu vya kisasa kama Lee-Enfield, bunduki ya magazini ya risasi 10 na bolti laini inayokwenda na kurudi fasta. Wajerumani walikuwa na watu kama 1,000 tu, na wengi wao walikuwa askari weusi.

Sasa cheki hao askari walikuwa wamezoea nini. Wapo waliopewa bunduki mpya, ila kombania nyingi za jeshi la kikoloni bado zilitumia Mauser ya mwaka 1871. Ujerumani kwenyewe ilishapitwa na wakati, ikaletwa huku. Kwa lugha ya leo, mtumba wa jeshi.

Ilimeza risasi moja moja. Ukishapiga unafungua bolti, lakini ganda halirukii nje lenyewe. Lazima uinamishe bunduki ubavu lidondoke, ndipo utie nyingine. Baruti yake nyeusi inaacha masizi, na usipoyasafisha bolti inaanza kukwaruza na kukwama. Mbaya zaidi ni moshi. Ukipiga mara moja tu, wingu jeupe linakuchoma kwa adui: jamaa yuko pale!

Bunduki ya hivyo hailainiki kwa maneno. Inataka kuoshwa masizi, kupakwa mafuta, halafu kufunguliwa na kufungwa tena na tena kwenye kwata mpaka mkono uizoee. Triga nayo ina adabu yake. Ukiivuta kwa papara mtutu unacheza, risasi inaishia kwenye minazi. Ukiibana taratibu, hata bunduki kuukuu inatii.

Tarehe 4 ndipo kikanuka. Waingereza waliingia vichakani na mashambani baada ya wiki zaidi ya mbili melini kutoka Bombay, wengi wakiwa hawajawahi kupigana pamoja. Askari waliletwa kwa treni ya Usambara kutoka upande wa Moshi, na walishazoea mazingira. Hata nyuki waliokurupushwa na risasi wakaingia vitani, wakiuma pande zote. Tarehe 5 Waingereza wakarudi melini. Mamia ya watu wao walikuwa wamekufa. Upande wa pili waliokufa walikuwa kama 70, wengi wao askari.

Ufukweni ziliachwa bunduki 455, bunduki za rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000. Kombania kadhaa zikaachana na mtumba, zikashika bunduki za kisasa za adui yuleyule.

Ila tusiishie kwenye shangwe. Bunduki za aina ileile ya kizamani ndizo zilizowapiga Waafrika kwenye Maji Maji, miaka 7 tu kabla. Na ushindi wa Tanga haukumkomboa Mtanga yeyote. Ulirefusha vita iliyokuja kumaliza vyakula vya vijiji na kuua wapagazi wengi mno, hadi Novemba 1918.

Jina la kamanda, Paul von Lettow-Vorbeck, limejaa vitabuni. Jina la Mauser limechongwa kwenye chuma. Lakini yule aliyeinamisha bunduki ubavu ganda lidondoke, akapuliza masizi, akatia risasi nyingine huku moshi wake mwenyewe unamchoma, nani anamjua?

Ukipita Ras Kasone jioni kupunga upepo, mkumbuke. Na kama nyumbani kuna mzee anayeijua stori ya askari au mpagazi wa ukoo wenu, muulize jina mapema. Usisubiri mpaka umzike nalo.