Kuwatafuta Babu Zetu Waliokwenda Vitani



Katika kurasa zilizotangulia mmesoma habari za michango, za wagonjwa na za misiba ya mwaka. Kamati imeona vema kutenga kurasa hizi chache kwa deni la namna nyingine, yaani deni letu kwa babu zetu waliotoka katika nchi hii ya Migori na Homa Bay wakaenda vitani, ambao wajukuu wao leo hawajui walipigana wapi, wala walizikwa katika ardhi ipi.

Wazee wanaifahamu desturi ya Wajaluo kwamba mtu akifia mbali, na maiti yake isipatikane, jamaa huzika tunda la yago mahali pake, ili naye awe na kaburi nyumbani kwao. Katika maboma yetu yamo makaburi ya namna hiyo. Mengine yamekwisha kulimwa juu yake, mengine yamo katika mashamba yaliyouzwa, na wanaojua ni nani aliyeombolezwa pale wanapungua kila mwaka. Hiyo ndiyo sababu ya kulisema jambo hili sasa.

Vita vyenyewe

Vita Vikuu vya Kwanza vilifika huku mapema. Mpaka wa Wajerumani ulikuwa jirani, kusini ya Muhuru, na mwezi wa Septemba 1914 jeshi lao liliuvuka likaingia Kisii, makao makuu ya wilaya. Tarehe 12 Septemba askari wa Keya walipigana nalo pale, na Wajerumani wakarudi nyuma. Lakini waliochukuliwa kwa wingi kutoka Nyanza hawakuwa wenye bunduki. Walikuwa wapagazi wa Kariakoo. Kikosi hicho kiliundwa mwaka 1914 chini ya Bwana Oscar Watkins, na mwaka 1917, John Ainsworth alipowekwa kusimamia uandikishaji, machifu walidaiwa watu kwa maelfu. Walibeba chakula na risasi mpaka kusini ya Tanganyika na kupita, katika mvua na matope, na wengi wao walikufa kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, waliokufa kutoka Kenya ya leo walizidi 40,000. Wachunguzi wa baadaye huona kwamba hesabu hiyo ni ndogo. Mishahara ya maelfu ya marehemu haikuwafikia jamaa zao. Mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ingali inabeba jina lao.

Katika Vita Vikuu vya Pili, kuanzia mwaka 1939 hadi 1945, vijana wetu waliandikwa Keya, wengine katika mizinga, wengine madereva, wengine katika vikosi vya kazi vya Pioneer. Walifika Uhabeshi, Misri, Madagaska na Burma.

Kuyasikiliza maneno ya mzee

Anayetaka kumtafuta babu yake na aanzie nyumbani kabla ya kukimbilia maofisi. Neno moja lililobaki kinywani mwa bibi laweza kuwa ufunguo. Mzee aliyesimulia habari za mto Juba, Mogadishu na Harar alikuwa katika vita vya mwaka 1941. Mogadishu ilitekwa Februari na Addis Ababa Aprili mwaka huo. Aliyesimulia bonde la matope na malaria, kisha mto mkubwa uliovukwa kwa daraja lenye kuelea, huenda alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw ikafika mto Chindwin, ambako daraja la Kalewa lilijengwa Disemba 1944.

Nitoe mfano wa nyumbani kwangu. Marehemu babu alikuwa akisema kwamba alipanda meli Kilindini akaenda kupigana na Wafaransa, na mara nyingi alilitaja neno “Diego”. Majirani walidhani Diego ni jina la afisa wake, na walimcheka kwa hao Wafaransa, kwa maana kila mtu alijua kwamba Wafaransa walikuwa upande wa Waingereza. Alizeeka akiitwa mtunga hadithi. Lakini Diego Suarez ni bandari ya Madagaska. Kisiwa hicho kilikuwa chini ya serikali ya Vichy, iliyokuwa imepatana na Wajerumani. Waingereza waliiteka bandari hiyo Mei 1942, na Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake ilikuwamo batalioni ya 5 ya Kenya, ilifika mwezi uliofuata. Ilipigana kisiwani mpaka Wafaransa waliposalimu amri Novemba 1942. Babu alikuwa amesema kweli tupu, na aliyeithibitisha ni ramani ya kawaida ya shule, wakati yeye amekwisha kuzikwa.

Kwa hiyo, mwandikeni mzee kama alivyosema, hata kama neno halina maana kwenu leo. Msilisahihishe. Jina la mji lililopindwa na ulimi wa nyumbani hutambulikana. Lililofutwa halitambulikani tena.

Jina, mahali na kitu

Baada ya maneno, yatazameni majina. Mtu mmoja alikuwa na jina la kuzaliwa, jina la baba, jina la sifa aliloitwa katika pakruok, na pengine jina la ubatizo. Karani aliyemwandika hakujua Kijaluo. Odhiambo aliweza kuandikwa Odiambo au Othiambo, na Ochieng akapewa herufi ambazo mama yake asingezitambua. Andikeni majina yote aliyopata kuitwa, na la chifu wake, maana mara nyingi ndilo lililoandikwa kando ya jina la mtu.

Tena, msiitafute wilaya kwa jina la leo. Kaunti za Migori na Homa Bay zilianza kazi mwaka 2013. Katika karatasi za zamani nchi hii yote, pamoja na Kisii, ni South Kavirondo, na baadaye South Nyanza. Mjaluo mwenyewe huenda ameandikwa “Kavirondo” tu. Na ndugu zetu Wakuria wakumbuke kwamba mpaka uliupasua ukoo wao vipande viwili. Babu aliyeishi ng'ambo ya pili mwaka 1914 aliweza kuchukuliwa na Wajerumani, na huyo hatapatikana katika daftari la Waingereza.

Kisha vitazameni vitu vilivyomo ndani ya sanduku. Nishani ya Vita vya Kwanza aliyopewa askari wa Keya ina namba, jina na kikosi vilivyochongwa ukingoni. Ishikeni kwenye mwanga mzisome, wala msiisugue kwa mchanga. Nishani za Vita vya Pili walizopewa askari wetu hazikuandikwa jina, lakini aina yake husema mahali: Nyota ya Burma haikutolewa kwa aliyebaki Nairobi. Karatasi ya kuachishwa jeshini ina thamani kupita zote, kwa kuwa ina namba ya askari. Kikebe cha chuma cha kuning'iniza shingoni, hata hivyo, kisiwadanganye. Kwa kawaida ni cha kipande, ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukichukua baada ya vita vya kwanza.

Mahali palipoandikwa

Aliyekufa katika Vita vya Pili ana njia iliyo wazi zaidi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola inayo orodha ya majina, na yeyote aweza kuisoma kwa intaneti bila malipo. Katika Makaburi ya Vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong, upo Ukumbusho wa Afrika Mashariki wenye majina ya wasio na kaburi linalojulikana. Miongoni mwao ni wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliozama katika meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, walipokuwa wakitoka Kilindini kwenda Ceylon. Siku ile walikufa watu 1,297. Waliopotea Burma wameandikwa katika Ukumbusho wa Rangoon. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, ina taarifa za wakuu wa wilaya, na huko Kew, karibu na London, zimo shajara za vikosi, zielezazo siku kwa siku mahali kikosi kilipolala na kilipopigana. Ukikijua kikosi cha babu yako, waweza kufuata nyayo zake hata kama jina lake halikutajwa.

Mpagazi wa Kariakoo hana njia hiyo. Sanamu ya Nairobi iliyosimamishwa mwaka 1928 inamwonyesha pamoja na askari, bali jina lake haimo. Baada ya vita iliamuliwa kwamba makaburi ya wapagazi yaachiwe msitu. Aprili 2021 Tume hiyo yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Radhi hiyo ni njema, lakini haiwezi kulirudisha jina ambalo halikuandikwa popote. Jina hilo, kama lingalipo, limo katika vinywa vya wazee wa Karungu, Kanyamkago, Karachuonyo, Gwassi na Kehancha, wala halimo mahali pengine.

Ombi la kamati

Kwa hiyo tunaomba kila ukoo ulete kwa katibu ukurasa mmoja: majina yote ya mtu, ya baba yake na mama yake, kijiji na chifu wake, maneno aliyoyasema, vitu alivyoviacha, na kama hakurudi, mahali yago lilipozikwa. Katibu atayanakili katika kitabu kimoja, na majina yatasomwa kwa sauti katika mkutano mkuu, ili anayejua zaidi aongeze na anayejua vingine asahihishe.

Neno la mwisho ni la tahadhari. Kitabu hiki si cha kudai fedha. Mtu akija kwenu na kuahidi malipo kutoka Uingereza iwapo mtampa kwanza ada, au mtamkabidhi nishani na karatasi za babu, msimpe. Vitu hivyo vibaki nyumbani. Nakala yatosha kwa uchunguzi.

Wazee wenye habari wasingoje kuitwa. Vijana wanaojua kuandika wawaendee leo, wakiwa na kalamu na subira.