Kisima cha Waaq na Fundo la Saba

Kwa Kisomali, "ceel" ni kisima. Ceel Waaq, ule mji ambao kwenye ramani umeandikwa El Wak, ni kisima cha Waaq, Mungu wa watu wa huku kabla ya Uislamu. Desemba 1940 wanajeshi wa Afrika Kusini na wa Gold Coast waliwafukuza Waitaliano hapo, na vitabu vya vita haviendi zaidi ya hilo. Kilichonivuta mimi ni jasi iliyo chini yake. Jasi huyeyuka majini haraka kuliko chokaa ya Wajir.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo imekwama, nikiwa na jiolojia ya kutosha kuninyima usingizi tu. Siku moja nikamweleza ayeeyo kwamba kuna nchi ambako watu humwaga maji ardhini makusudi, yayeyushe chumvi, kisha wavute maji chumvi juu na kuacha pango. Akaniuliza, "Na hilo pango, nani analiangalia?"

Kusema ukweli, Waingereza walichelewa kuuliza. Karne ya 19, kule Northwich, pampu ilivuta hapa na nyumba ikazama kule, mbali kabisa. Utathibitishaje ni pampu ya nani? Mwaka 1891 Bunge likapitisha sheria iliyoruhusu wavutaji wa eneo zima watozwe pamoja, fidia itoke kwenye kapu moja. Wenyeji nao wakajenga nyumba za fremu za mbao, zikizama wanaziinua kwa jeki. Ati jeki, kama matatu yenye pancha!

Siku hizi kuna vifaa vinavyosikiliza mwamba ukipasuka, mawimbi ya sauti yanayochora umbo la pango, na satelaiti za rada zinazoona ardhi ikishuka kwa milimita. Lakini tazama Maceió, Brazil. Machi 2018 tetemeko dogo, nyufa ukutani. Mwaka 2019 wanajiolojia wa serikali wakataja chanzo: uchimbaji wa chumvi wa kampuni ya Braskem, visima 35 chini ya mji. Watu karibu 60,000 wakahama. Mwishoni mwa Novemba 2023 vipimo vikaonyesha ardhi juu ya kisima namba 18 inazama kwa kasi, waliobaki karibu wakaondolewa, na tarehe 10 Desemba kikaporomoka chini ya maji ya wangwa wa Mundaú. Hakufa mtu siku hiyo. Mitaa yenyewe ilikuwa imeshakuwa mahame.

Huku kwetu hatuvuti chumvi, tunavuta maji. Wajir maji yako karibu sana na uso wa ardhi, choo cha shimo kinachafua kisima, ndiyo maana kwa miaka mingi mji ulitumia vyoo vya ndoo. Ayeeyo amekulia hapo. Kifaa chake ni kamba ya ndoo yenye mafundo. Anajua kiangazi kipi kilimfanya aongeze fundo, na mwaka gani maji yalianza kuwa na ladha ya magadi. Ukingo wa kisima ukimeguka, anawafukuza watoto kabla hata ya kuita mafundi.

Hayo yote yako kichwani mwake. Ana miaka zaidi ya themanini, nami niko Garissa. Kwa hiyo kila Ijumaa nampigia, ananitajia fundo, naandika kwenye simu pamoja na tarehe. Wiki jana lilikuwa la saba.