Majina Matatu, Timu Moja

Babu huiita Abaluhya, jina ambalo klabu ilizaliwa nalo 1964. Baba anasema Leopards, kwa sababu 1980 serikali ilikataza vilabu kubeba majina ya makabila. Mimi nasema Ingwe, yaani chui.

Watu hudhani ushabiki hurithiwa kupitia vikombe. Baba alipata vyake: CECAFA 1982, 1983 na 1984, mfululizo. Mimi nilizaliwa baada ya kombe la ligi la 1998, nikakua bila kuona lingine. Nilichorithi ni hadithi tu, na jina la kila mmoja. Amri ilibadilisha karatasi. Sebuleni kwa babu haikufika. Ndio maana bado naenda Nyayo, hata siku ambayo mashemeji zetu Gor wanatupiga.